Mpira wa mita mbili: Kwa nini mzamiaji humpa mwenzake hewa iliyo mdomoni mwake

Kwa ufupi

- Wazamiaji wanaoingia mapangoni na ndani ya meli zilizozama hubeba mpira wa hewa wenye urefu wa takriban mita 2.1 kwa ajili ya mwenzao.
- Mpira huo hauwekwi akiba. Mzamiaji huupumulia mwenyewe muda wote, na mwenzake akiishiwa hewa, huo huo ndio anaompa.
- Ukivaliwa vizuri hutoka kwa mvuto mmoja. Ukivaliwa vibaya unageuka kitanzi shingoni.

Ikungi. Kutoka Ikungi mkoani Singida hadi Bahari ya Hindi ni mamia ya kilomita. Huku watu wanajua alizeti, mifugo na dhahabu. Mtoto anaweza kumaliza shule bila kumuona mzamiaji hata mmoja kwa macho yake.

Lakini Ikungi ina mashimo. Mbali na mgodi mkubwa wa Mang'onyi, wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka ardhini kutafuta riziki. Kuna visima vya kuchimbwa kwa mkono. Na kila mvua kubwa inaponyesha, swali ni lile lile: maji yakijaa shimoni na mtu yuko chini, nani anashuka kumtoa, na anapumua nini?

Swali hilo siyo la kufikirika. Mwishoni mwa Machi 2008, mvua kubwa ilijaza maji migodi ya tanzanite huko Mererani, mkoani Manyara, na makumi ya wachimbaji walipoteza maisha.

Mtu aliye ndani ya shimo lililojaa maji, pango au meli iliyozama ana tatizo moja linalofanana: hawezi kupanda moja kwa moja juu. Juu ya kichwa chake kuna mwamba au bati. Hewa ikimwisha, hewa pekee iliyobaki ni ile ya mwenzake.

Sasa mwenzake anampaje hewa hiyo bila wote wawili kufa? Jibu la wazamiaji ni mpira mrefu, na siri yake kubwa iko kwenye namna ya kuuvaa.

Anza na jiko la gesi

Kama unapikia gesi nyumbani, tayari unavijua vifaa vya mzamiaji. Kuna mtungi, juu ya mtungi kuna regyuleta, na kwenye regyuleta kuna mpira unaopeleka gesi jikoni.

Mzamiaji naye ana mtungi mgongoni. Mtungi uliojaa huwa na hewa iliyogandamizwa takriban mara 200 ya hewa tunayoivuta mtaani. Mtu hawezi kuivuta hivyo hivyo, itampasua mapafu.

Ndiyo maana kuna regyuleta. Ya mzamiaji ina vipande viwili. Kimoja hufungwa kwenye mtungi na kupunguza nguvu ya hewa. Cha pili huwekwa mdomoni, nacho hutoa hewa pale tu mtu anapovuta pumzi. Kati ya vipande hivyo viwili kuna mpira.

Mzamiaji makini hashuki na kipande kimoja tu cha mdomoni. Hushuka na viwili: kimoja anachopumulia, kingine cha ziada. Hoja yote ya makala haya ipo hapo. Kipi kati ya hivyo viwili ni cha mwenzako, mpira wake uwe na urefu gani, na ukae wapi wakati hauhitajiki?

Mpira wa kawaida unakwama wapi?

Kwa watalii wanaozamia Mnemba, Pemba au Mafia kuangalia samaki na matumbawe, mpango wa kawaida ni rahisi. Kipande cha ziada huwa cha rangi ya njano, mpira wake una urefu wa karibu mita moja, na hufungwa kifuani ili kionekane haraka.

Mwenzako akiishiwa hewa, anachukua kile cha njano. Mnashikana mikono, mnatazamana, mnapanda juu taratibu. Maji yako wazi, jua linaonekana, dakika chache baadaye mko kwenye boti.

Sasa ondoa maji wazi. Weka mlango wa chumba cha meli wenye upana wa mtu mmoja. Weka pango ambalo mnapita kwa tumbo. Watu wawili waliounganishwa na mpira wa mita moja hawawezi kupita hapo bega kwa bega. Lazima mmoja atangulie, mwingine afuate.

Jaribu hata nyumbani. Shika ncha moja ya kamba ya mita moja mdomoni, mwenzako ashike ncha ya pili mgongoni kwako, kisha mpite mlangoni mmoja nyuma ya mwingine mkiwa mmelala kifudifudi. Kamba haitoshi. Miguu ya aliye mbele peke yake inakaribia urefu huo, na mzamiaji huvaa mapezi marefu miguuni.

Kwa mpira wa mita 2.1, aliyeishiwa hewa anatangulia, mwenye hewa anafuata nyuma yake akimuona, na mpira unapita pembeni ya mwili wake bila kukaza. Kuna pia mpira wa mita 1.5, ambao hutumiwa zaidi na wanaozamia sehemu zisizo na njia nyembamba.

Hesabu ya hewa haina huruma

Kwa nini haraka ni muhimu kiasi hiki? Angalia namba.

Mtu mzima aliyetulia, akiwa juu ya maji na anafanya kazi nyepesi, tuseme anatumia lita 20 za hewa kwa dakika. Kadiri anavyoshuka, uzito wa maji huongeza mgandamizo. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya juu. Kwenye mita 30 ni mara nne.

Maana yake, kwenye mita 30 kila pumzi inakula hewa mara nne. Lita 20 zinakuwa 80 kwa dakika.

Mtungi wa lita 12 uliojaa una takriban lita 2,400 za hewa. Ukigawanya kwa 80, unapata dakika 30, na hapo mtungi umekauka kabisa.

Sasa mwenzako kaishiwa hewa, na wewe mtungi wako umebaki nusu, yaani lita 1,200. Nyote mmeshtuka, kila mmoja anavuta lita 30 badala ya 20. Watu wawili, mara 30, mara nne: lita 240 kwa dakika.

Lita 1,200 kwa matumizi hayo ni dakika tano. Ndani ya dakika hizo mnatakiwa mpeane hewa, mtulie, mgeuke na mtoke. Mkitumia mbili kuhangaika na mpira ulionasa kwenye mkanda, zimebaki tatu.

Mbinu hii ilitoka wapi?

Mpira mrefu ulizaliwa kwenye mapango yaliyojaa maji ya Florida, Marekani. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi walikufa humo, na wazamiaji wenye uzoefu wakaanza kuchunguza kila kifo kilisababishwa na nini.

Mmoja wao alikuwa Sheck Exley, mzamiaji wa mapangoni ambaye hutajwa sana linapozungumzwa suala la mpira mrefu. Miaka ya 1970 alitoa kitabu kiitwacho Basic Cave Diving: A Blueprint for Survival, kilichochambua ajali hizo na kutoa kanuni za kuziepuka.

Kanuni mojawapo inayofundishwa mpaka leo ni ya theluthi. Theluthi moja ya hewa ni ya kuingia, theluthi ya pili ni ya kutoka, na ya tatu huiguswi: ni ya dharura, ikiwemo ya mwenzako.

Kanuni hiyo na mpira mrefu vinategemeana. Kubeba hewa ya mwenzako bila njia ya kumfikishia ni sawa na kuwa na ndoo ya maji kisimani bila kamba.

Exley mwenyewe alifariki Aprili 1994 katika shimo la maji la Zacatón, Mexico, alipokuwa akijaribu kufika kina cha karibu mita 300.

Mzamiaji mwingine wa Florida, Bill Hogarth Main, alijulikana kwa kupunguza kila kisicho na kazi mwilini na kupanga kila mpira uwe na njia yake. Namna ya kuvaa mpira mrefu inayotumika zaidi leo inabeba jina lake la kati, Hogarth.

Unavyovaliwa

Mita 2.1 ni ndefu kuliko watu wengi. Ukiuacha uning'inie, utanasa kwenye kila jiwe na kila chuma. Hapo mwanzo wengine waliukunja kama nyoka na kuusokomeza kwenye vishikizo vya mpira ubavuni mwa mtungi.

Njia hiyo ina kasoro mbili. Mpira ukishatoka, mwenyewe hawezi kuurudisha akiwa majini, kwa sababu uko nyuma yake. Pili, mikunjo inaweza kunasa usiweze kuvutika, na hajui mpaka siku anauhitaji.

Njia iliyoshinda ni ya kuuvaa mwilini, hivi:

1. Mzamiaji wa aina hii huwa na mitungi miwili mgongoni iliyounganishwa, kila mmoja na vali yake. Mpira mrefu hufungwa kwenye vali ya kulia.

2. Kutoka hapo mpira unashuka moja kwa moja chini, nyuma ya mfuko wa hewa wa mgongoni, hadi kiunoni upande wa kulia.

3. Kiunoni unapita chini ya betri ya tochi iliyofungwa kwenye mkanda. Asiye na betri hiyo huchomeka mkunjo mmoja wa mpira ndani ya mkanda wa kiuno.

4. Unapanda kwa kukatiza kifua, kutoka kiuno cha kulia hadi bega la kushoto.

5. Unazunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni ukitokea kulia.

Kipande cha ziada kina mpira mfupi, na hukaa chini ya kidevu kikiwa kimeshikiliwa na kamba ya mpira inayovaliwa shingoni kama mkufu. Kazi yake ni kumsubiri mwenye kutoa hewa.

Hata upande wa vali una sababu yake. Mzamiaji anapopita chini ya dari ya mwamba, kitasa cha vali kinaweza kusuguana na dari na kuzunguka. Akiwa anasonga mbele, kitasa cha kushoto huzunguka kuelekea kufunga, cha kulia kuelekea kufungua. Ndiyo maana hewa utakayompa mwenzako hutoka kulia, isije ikajifunga mkiwa njiani.

Mpangilio wa kuvaa nao una kanuni: mkufu wa kipande cha ziada unaanza, mpira mrefu unafuata mwisho kabisa, juu ya vitu vyote. Hakuna mkanda, waya wa tochi wala kamba inayoruhusiwa kupita juu yake.

Unavyotolewa

Alama ya "sina hewa" inajulikana duniani kote: kiganja kinapita shingoni kama mtu anayekata. Ukiiona, mambo yanatakiwa kwenda hivi:

Shika. Mkono wa kulia unashika mpira karibu na kipande cha mdomoni. Unakitoa mdomoni mwako.

Inamisha kichwa, sukuma mbele. Ukiinamisha kichwa, mzunguko wa mpira unatoka shingoni wenyewe. Unanyoosha mkono hadi mdomoni kwa mwenzako, kipande kikiwa kimekaa sawa, sehemu ya kung'ata ikimuelekea yeye. Humuachii akitafute.

Chukua chako. Mkono wa kushoto unachukua kipande kilicho chini ya kidevu na kukiweka mdomoni. Kipo hapo hapo, hata gizani unakipata. Unapuliza kutoa maji kisha unavuta pumzi.

Shikaneni, tulieni. Pumzi chache za kwanza hakuna anayesogea. Mnatazamana, mnapeana alama ya "sawa".

Achia mpira uliobaki. Mtoaji anauchomoa mpira uliobaki chini ya betri au kwenye mkanda. Sasa mita zote mbili ziko huru.

Tokeni. Aliyeishiwa hewa anatangulia. Mwenye hewa yuko nyuma, anamuona, anamgusa, na ndiye anayejua kiasi kilichobaki.

Kwa aliyefanya mazoezi, hatua tatu za kwanza huchukua sekunde chache tu. Kwa asiyefanya, hatua ya kwanza peke yake inaweza kuwa ya mwisho.

Mbona utoe cha mdomoni?

Hapa ndipo wengi hushangaa. Akili ya kawaida inasema: cha kwangu ni cha kwangu, cha ziada ndicho cha mgeni. Wazamiaji wa mapangoni waligeuza mantiki hiyo kwa sababu tatu.

Kwanza, kilicho mdomoni kinafanya kazi. Hilo halina ubishi, kwa sababu ulikuwa unakipumulia sekunde moja iliyopita. Cha ziada kinaweza kuwa kimeingia tope au mchanga. Kama kuna mtu wa kukutana na tatizo hilo, ni bora awe yule mwenye pumzi kifuani, siyo yule ambaye kakauka kabisa.

Pili, mtu aliyepaniki hachagui. Anaona mwenzake anatoa mapovu mdomoni, anakwenda pale pale kukwapua. Kama mpango wako tayari ni kutoa hicho, akikikwapua hajaharibu kitu. Amefanya ulichokusudia kufanya.

Tatu, ni suala la aina ya gesi. Wanaozamia kina kirefu hubeba mitungi yenye mchanganyiko tofauti. Mmoja unaweza kuwa na oksijeni asilimia 50, ambayo kwa kawaida haitumiwi chini ya mita 21. Mwingine una oksijeni tupu, ya kutumika mita 6 kwenda juu. Oksijeni nyingi kwenye kina kirefu humtia mtu degedege, na degedege ndani ya maji ni kifo.

Anayepokea hewa kwa pupa hana muda wa kusoma maandishi kwenye mtungi. Gesi iliyo mdomoni mwa mtoaji ndiyo inayofaa kwa kina walichopo, kwa sababu na yeye anaivuta na yuko hai.

Mpira unavyogeuka kitanzi

Makosa ya mpira mrefu mengi hufanyika nchi kavu, wakati wa kuvaa.

La kwanza ni kuupitisha chini ya kitu. Ukipita chini ya mkanda wa begani au chini ya mkufu, unaonekana sawa kabisa mpaka unapouvuta. Unatoka nusu, unakaza, na mwenzako anapata kipande kisichofika mdomoni. Akikivuta kwa nguvu, anavuta shingo yako.

La pili ni waya wa tochi. Tochi hushikwa mkono wa kushoto na waya wake unatoka kiunoni kulia, njia ile ile ya mpira. Waya ukipita juu ya mpira, umeufunga.

La tatu ni kusokomeza mpira mwingi kwenye mkanda. Kinachotakiwa ni mkunjo mmoja unaochomoka kwa mvuto mdogo.

La nne ni kusahau umeubana. Mzamiaji anapopanda na kubadili mtungi, mpira mrefu huufunga kwa kulabu ya chuma kwenye pete ya kifuani kulia ili usielee ovyo. Hapo hauko tena mdomoni, na mkono lazima ujue ulipo. Wengi hufunga kulabu hiyo kwenye mpira kwa uzi mwembamba, ili ikigoma kufunguka, uzi ukatwe.

Dawa ya yote ni zoezi moja la kabla ya kushuka. Wakiwa kwenye maji mafupi, kila mzamiaji anautoa mpira wake wote, anampa mwenzake, mwenzake anaupumulia, kisha unarudishwa mahali pake. Kama kuna kilichonasa, kinajulikana wakati jua bado linaonekana.

Ajali zetu zinasema nini?

Tanzania imeshaonja mara kadhaa uchungu wa watu kukwama ndani ya chombo kilichozama.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa abiria. Ilipopinduka, sehemu ya chini ilibaki juu ya maji kwa muda na kulikuwa na watu ndani wakigonga bati. Tundu lilipotobolewa ili kuwaokoa, hewa iliyokuwa inaielesha ilitoka, na meli ikazama mpaka kina cha takriban mita 25.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 walifariki. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo wa kivuko hicho akiwa hai. Alikuwa amejibana palipobaki hewa.

Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na mtoto wake lilirudi nyuma na kutumbukia kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa. Lilipatikana siku kadhaa baadaye kwenye kina cha mita 58. Kwa kina hicho mgandamizo ni karibu mara saba ya juu, yaani kila pumzi inakula hewa mara saba. Watu wengi walilaumu kuchelewa, bila kujua kwamba hapo siyo mahali pa mtu kushuka na mtungi mmoja na ujasiri.

Ujasiri peke yake hautoshi hata kwa waliobobea. Mwaka 2018, vijana 12 na kocha wao wa mpira wa miguu walikwama kwenye pango la Tham Luang, Thailand, maji yakiwa yamefunga njia. Wote 13 walitolewa hai kufikia Julai 10. Lakini Julai 6, Saman Kunan, aliyewahi kuwa komando wa jeshi la majini la nchi hiyo, alifariki akiwa njiani kurudi baada ya kupeleka mitungi ya hewa ndani ya pango. Alikwenda kuwapelekea wengine hewa, yeye hakurudi.

Mtu wa Ikungi afanye nini?

Makala haya hayamfundishi mtu kuzamia. Mpira mrefu hujifunzwa kwa mwalimu, kwenye maji salama, kwa kurudia mpaka mikono ifanye yenyewe. Kuununua bila mafunzo ni kununua kitanzi.

Lakini kanuni iliyo nyuma yake inahusu kila shimo na kila kisima.

Usimfuate mtu bila hewa yako. Mtu akizimia ndani ya kisima au shimo, mara nyingi tatizo ni hewa yenyewe kule chini. Wa pili akishuka kwa huruma, naye anaanguka. Wa tatu hivyo hivyo. Kaa juu, mtupie kamba kama ana fahamu, ita msaada.

Kompresa ya gereji siyo ya kupumulia. Ile ya kujazia matairi inaweza kutoa mvuke wa mafuta, na ikivuta moshi wa injini inapeleka chini hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu wa chini analegea bila kujua kwa nini.

Shimo lililojaa maji liachiwe wenye vifaa. Maji huvutwa kwa pampu, na anayeshuka ni mzamiaji aliyefunzwa kuingia palipofunikwa juu. Kujua kuogelea hakuna uhusiano na kazi hiyo.

Piga 114. Ni namba ya bure ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini. Taja kijiji, kina cha shimo, watu wangapi wako chini na tangu saa ngapi.

Pangeni kabla ya ajali. Kamba ya dharura iko wapi? Nani anaifunga? Nani anabaki juu? Kama majibu yanatafutwa mtu akiwa tayari yuko chini, mmechelewa.

Hilo la mwisho ndilo mzamiaji anatumia dakika nyingi kulifanya kabla hata hajalowa: anapitisha mkono kwenye mpira wake, kutoka kiunoni, kifuani, nyuma ya shingo, hadi mdomoni. Anahakikisha hakuna kilicholala juu yake. Siku mwenzake akimpungia kiganja shingoni, hatakuwa na muda wa kuanza kuutafuta.